Kitabu Kilichokatwa kwa Panga

Kitabu chenyewe kilikuwa kinene hivi kwamba punda wa Wayua, aliyekibeba kutoka stendi ya Matiliku, alilala chini akakataa kazi wiki nzima. Wengine watakwambia ni kwato zilikuwa zinamuuma. Mimi nilimwangalia punda yule machoni na najua alichokuwa anafikiria.

Kilikuwa kitabu cha kujiandaa kwa mtihani wa Kiingereza, ule ambao vyuo vya ng'ambo hudai kabla havijakufungulia mlango. Ndani mlikuwa na sentensi nyingi kama mchanga wa mto Kaiti. Kila sentensi imepigwa mstari mahali panapouma, na chini yake kuna majibu matano, manne ya uongo na moja la kweli. Na huo uongo umevaa suti. Ukisoma jibu la kwanza unasema ndilo hili. Ukifika la nne umeshasahau jina la babako.

Walionunua walikuwa watatu. Kisilu, mwana wa Wayua, alikuwa mwalimu wa kandarasi katika shule ya msingi, mtu mpole hivi kwamba akijikwaa kwenye kiti hukiomba kiti msamaha. Ciku wa Gathua, ambaye wazazi wake walihamia kwetu kutoka Murang'a, alikuwa na duka la dawa za mifugo pale sokoni, na mbuzi wengi walipona kwa kuusikia mdomo wake tu, kabla chupa haijafunguliwa. Wa tatu alikuwa Mwongeli, binti wa Nuu huko Kitui, aliyeletwa Matiliku na mradi wa kujenga mabwawa ya mchanga, zile kuta za kuzuia maji ndani ya mchanga wa mto. Wote walikuwa wakitafuta ufadhili uleule, wa kwenda kusomea maji ya sehemu kavu.

Kwa Ciku na Kisilu, mwaka huu ukikataa kuna mwaka ujao. Kwa Mwongeli hakukuwa na mwaka ujao. Ufadhili ule haukuchukua mtu aliyepita miaka thelathini na mitano, naye angeipita Desemba. Kule kwao Nuu kulijengwa bwawa la mchanga mahali ambapo maji hayapiti, likakaa hapo kama jino la dhahabu kwenye mdomo wenye njaa, na mamake bado anatembea kutafuta maji. Mwongeli alitaka kujua maji hupita wapi chini ya mchanga, ajue kabisa, asiwe mtu wa kubahatisha tena. Habari ya umri alimwambia Ciku peke yake. Miaka ya mwanamke haitangazwi sokoni.

Jumapili ya kwanza walikaa kwenye baraza ya jikoni kwa Wayua, baada ya kanisa, wakivutana.

"Nikae nacho wiki ya kwanza, nyinyi mfuate," Ciku alisema.

"Wewe ukikaa nacho utakiuza," Kisilu akamjibu.

"Nitakiuzia nani hapa? Nyinyi Wakamba mnasoma mawingu tu."

Wayua alitoka jikoni akijipangusa mikono. Alikuwa mwenyekiti wa mwethya wa pale kwetu, kile kikundi cha kulimiana: leo mnachimba matuta kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Hakuna aliyebishana naye, hata mvua ilikuwa ikimwomba ruhusa, ndiyo maana ilichelewa.

"Mnagombania nini?"

"Kitabu ni kimoja, mwaitu," Kisilu alimwambia mamake, "na sisi ni watatu."

"Na mkienda kuchimba kwa mtu mkiwa watatu, mnainama wote kwenye mstari mmoja?"

Kabla hawajajibu, alikuwa amekiweka juu ya gogo la kupasulia kuni. Panga lilipanda, likashuka. Likapanda tena. Ciku alifumba macho.

"Huyu mama amechinja Kiingereza," alisema.

"Kila mtu na kipande chake," Wayua alisema. "Maliza chako, uite wenzako uwaonyeshe. Kama mwethya."

Na kama hujawahi kuchimba kwenye mwethya, kuna jambo lazima ulijue. Kipande cha mwenzako huingii mpaka akuite. Hata kama amechelewa, hata kama jembe lake limelala, hugusi. Ukiingia bila kuitwa umemwambia mbele ya watu kwamba hafai, na hilo watu hulikumbuka hata mazishini kwake. Ciku alikuwa mgeni kidogo kwa mambo hayo. Mwongeli aliyanyonya na maziwa ya mamake.

Kipande cha Mwongeli kikawa nyakati za vitenzi. Cha Kisilu kikawa usambamba, yaani vitu vilivyopangwa pamoja kwenye sentensi vifanane umbo. Ciku akapata viwakilishi, mikato na makombo mengine yaliyoangukia upande wake wa panga.

Mwongeli alimaliza wa kwanza. Alisimama barazani akawasomea: "By the time the rain came, the goats had died."

"Mamangu akisema mvua ilifika mbuzi wakiwa wamekwisha, hakuna mtu Nuu anauliza kipi kilitangulia," aliwaambia. "Tunajua, maana tuliwazika. Lakini Kiingereza hakikuwa kwenye mazishi, lazima ukiambie. Ukiona vitendo viwili vya zamani, uliza nani alikufa kwanza. Huyo ndiye anapewa *had*."

Tangu siku hiyo Ciku hakusoma sentensi bila kunong'ona, "Nani alikufa kwanza?" Wateja wake walianza kuogopa kuleta ng'ombe.

Kisilu naye alianza vizuri. Aliwaandikia mkulima anayependa kuchimba na kupanda kwa umbo moja la kitenzi, halafu kuvuna kwa umbo jingine: *digging, planting, and to harvest*.

"Hii ni kama kufunga ng'ombe wawili na mbuzi kwenye plau moja," alisema. "Wote ni mifugo, lakini mtaro utaenda kwa jirani."

"Huyo mbuzi ni wa nani?" Ciku akauliza. "Amechanjwa?"

Mwongeli alicheka. Alikuwa na namna yake ya kucheka akikosea au wengine wakikosea: anafunika uso kwa zile kurasa zilizokatwa, halafu anachungulia juu yake aone kama bado unamwangalia. Kisilu alikuwa bado anamwangalia. Na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kipande cha Kisilu kilikuwa na sehemu tatu. Kwanza orodha, kama ile ya mkulima. Pili jozi, yale maneno yanayotembea mawili mawili, *either* na *or*, kama maaskari wa usiku. Tatu kulinganisha, kitu na kitu. Orodha alizifundisha Machi. Jozi na kulinganisha alizimaliza mwenyewe kabla ya Pasaka, akazielewa hadi akawa anazirekebisha kwenye mahubiri ya pasta, kimoyomoyo. Lakini Mwongeli akija na kuuliza, alikuwa akikuna kichwa.

"Bado haijaiva," alisema. "Jumapili ijayo."

Jumapili iliyofuata alimrudisha kwenye orodha. Orodha ya mkulima, orodha ya mchuuzi, orodha ya fundi wa baiskeli. Mwongeli akawa anaweza kurekebisha orodha akiwa amelala. Ciku, yeye, alikuwa ameacha kuja, akisema duka limembana.

Wayua aliona. Usiku mmoja wakila alimwambia mwanawe:

"Huyu binti wa Nuu amekula isyo yangu ya maharagwe tangu mahindi yakiwa mabichi, sasa tunakula makavu. Hicho kipande chako hakiishi?"

"Ni kigumu, mwaitu."

"Kigumu ni kusema. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Basi kaa hivyo. Utaoa kitabu."

"Nitamwambia akishafanya mtihani."

Hesabu ya Kisilu ilikuwa hii, na aliifanya polepole, maana mawazo ya mtu mpole hayapigi hodi. Mwongeli akipita, ataenda ng'ambo, na anayeenda ng'ambo hurudi na mtu au harudi. Akikosa kidogo tu, kidogo sana, atafanya tena mwaka ujao. Huo ni mwaka mzima wa Jumapili. Katika mwaka mzima hata bubu hupata neno. Na yeye mwenyewe hakuwa na haja kubwa ya kusafiri. Aliingia kwenye mtihani kwa sababu Mwongeli aliingia.

Wiki chache kabla ya mtihani, Mwongeli alipita dukani kwa Ciku.

"Kisilu amekufikisha wapi?" Ciku aliuliza.

"Bado tuko kwa orodha. Anasema zilizobaki ni nzito."

Ciku aliweka chini sindano ya ng'ombe. "Mwongeli, hayo mambo yako kwa simu. Mimi nimeangalia yote, yako, yake, yangu. Jozi, kulinganisha. Si mlima. Kaa hapa nikuonyeshe."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Yule mtu amenipa Jumapili zake zote. Nikipita nyuma yake, ni kama kuchimba kipande chake gizani."

"Hiki si kipande, ni mtihani. Na wewe huna mwaka mwingine."

"Ataniita," Mwongeli alisema. "Akimaliza ataniita."

Ciku aliniambia baadaye kwamba alitaka kumfungia dukani na kumfundisha kwa nguvu, kama mbuzi anayenyweshwa dawa ya minyoo. Akaingia mteja. Mpaka leo anamchukia mteja yule.

Mtihani ulifanyiwa Makindu, kwenye ukumbi wa kompyuta uliotiwa baridi ya mashine hivi kwamba watu wa Nuu wakiingia huuliza maiti ni wa nani. Nje, jua la Makindu lilikuwa linakaanga mijusi pande zote mbili. Waliingia watatu, wakakaa mbalimbali. Walipotoka walikula chakula cha bure kwenye hekalu la Masingasinga, kama msafiri yeyote wa barabara ile, na Mwongeli akamaliza sahani yake kwanza.

"Kulikuwa na nyingi za kulinganisha," alisema. "Nilichagua zilizosikika vizuri."

Kisilu alisema chakula kina chumvi. Hakikuwa na chumvi.

Majibu yalikuja kwa barua pepe. Ciku alipita. Kisilu alipita juu zaidi, kwenye usambamba hakukosa hata moja. Mwongeli alikosa kwa alama ambazo ungeweza kuzishika kwenye kiganja kimoja. Waliandika kila kitu wazi: nyakati za vitenzi, zote sawa; usambamba, chini.

Jioni ile ile alikuja kwa Wayua amebeba jogoo chini ya kwapa. Kisilu alimkuta amesimama barazani, jogoo akiangalia huku na huku kama anayetafuta wakili.

"Nimekuja kukushukuru, mwalimu," Mwongeli alisema. "Na kukuomba msamaha. Umenifundisha miezi yote hiyo na nikakuangusha palepale kwenye kipande chako. Watu watasema ni wewe, lakini ni mimi. Mimi ni mzito."

"Wewe si mzito," Kisilu alisema.

"Basi nini?"

Neno lilikuwa pale mdomoni, nusu nje. Badala yake alisema, "Mwaka ujao tutaanza mapema."

Mwongeli alimpa Wayua, aliyekuwa ametokea mlangoni pa jikoni, yule jogoo.

"Mwaka ujao nitakuwa nimepita umri, mwalimu. Huu ndio ulikuwa wa mwisho. Na mradi unafungwa mwezi huu, narudi nyumbani." Akajaribu kutabasamu. "Wewe nenda ukasome. Angalau nyinyi wawili wa mwethya mmeitwa."

Wayua alimwangalia mwanawe, akaangalia jogoo, akaingia jikoni bila neno. Mwanamke yule kukosa neno, nakwambia, hata kuku walikuja kuchungulia.

Ciku ndiye aliyekuja na maneno. Alimkuta Kisilu shuleni, wakati wa mapumziko, akamsimamisha kando ya choo cha walimu ambapo hakuna mtu hukaa kwa hiari.

"Jozi na kulinganisha ni kurasa ngapi kwenye kipande chako?"

"Ciku, niache."

"Ngapi?"

"Chache."

"Ulimaliza lini?"

Kisilu aligeukia kengele ya shule, ambayo haikuwa imelia.

"Kisilu, mimi nilidhani wewe ni mjinga," Ciku alisema. "Nilikaa nikikuombea, nikisema Mungu msaidie huyu mwalimu mjinga aelewe. Sasa naona ningekuombea kitu kingine." Akaondoka. Alipofika kwenye lango akageuka. "Utamwambia wewe. Nikimwambia mimi hataamini, anakuheshimu sana."

Kutoka Matiliku mpaka Nuu ni safari ya kubadilisha gari mpaka makalio yako yanaanza kuongea Kikamba cha Kitui. Kisilu aliifunga safari hiyo Jumamosi, na sehemu ya mwisho alipanda pikipiki. Nyumbani alimkuta mamake Mwongeli, Ndila, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya juu.

"Ni wewe mwalimu wa Matiliku?" Ndila alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwongeli anakutaja kila siku. Anasema hakuna mtu aliyejitoa kwake kama wewe. Keti, mwanangu, ule kwanza."

Alikula. Kisha akaonyeshwa njia ya mtoni.

Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Mwongeli alikuwa ndani ya shimo hadi kiunoni, akichimba kufuata maji, mitungi imepangwa juu ikimngoja. Alifurahi kumwona, na hilo lilikuwa baya kuliko yote.

"Mwalimu. Umepotea njia?"

"Nilikuwa nimemaliza," Kisilu alisema.

"Kumaliza nini?"

"Kipande changu. Jozi, kulinganisha, yote. Kabla ya Pasaka. Nilikuwa nacho."

Mwongeli aliegemeza jembe kwenye ukuta wa shimo. "Ukaniambia hakijaiva."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Kisilu aliangalia mitungi. "Nilitaka urudi Jumapili."

Mwongeli aliuvuta mtungi mmoja karibu. Chini ya miguu yake maji kidogo yalikuwa yameanza kukusanyika, ya rangi ya chai, na alikuwa anayaangalia hayo.

"Ungeniambia tu nirudi Jumapili," alisema. "Ningerudi."

"Nilifikiri kuna mwaka ujao."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

Alipanda kutoka shimoni. Kisilu alinyoosha mkono amsaidie, Mwongeli hakuushika. Alijipangusa mchanga magotini, akaenda kuketi mahali ambapo mchanga ulikuwa laini na tambarare.

"Nifundishe," alisema.

"Sasa?"

"Sasa. Mwambie wa pikipiki angoje."

Kisilu aliokota kijiti, akapiga magoti. Herufi za kwanza zilitoka kama za mtoto wa chekechea. Aliandika jozi. Alimwambia kwamba neno la kwanza likiahidi, la pili lazima lilipe kwa umbo lilelile. Mwongeli alisoma, akafuta kosa kwa kidole, akaandika lililo sawa. Akaandikiwa nyingine, akairekebisha. Halafu kulinganisha. Kisilu aliandika kwa Kiingereza kwamba mbuzi wa Nuu ni wanene kuliko Matiliku.

"Hii umelinganisha mbuzi na soko," Mwongeli alisema kabla hajaulizwa. "Mbuzi kwa mbuzi. Mbuzi wa Nuu na wale wa Matiliku."

"Ndiyo."

"Nyingine."

Alimpa nyingine. Alimpa zile alizozikumbuka kutoka Makindu kwenyewe, zile za mtihani, zilizovaa suti. Mwongeli alizirekebisha moja baada ya nyingine, akiwa amekunja uso, bila kukosa. Yule wa pikipiki, aliyekuwa juu ukingoni na chupa ya soda, alikuwa hajafika nusu ya soda yake.

"Nini tena?" Mwongeli aliuliza.

"Basi."

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu."

Aliyaangalia maandishi yale kwa muda mrefu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kumbe ningeweza," alisema.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Kisilu angekuwa na mahali pa kushika. Alisema kama mtu aliyepita karibu na nyumba aliyoitafuta miaka, akaambiwa ilikuwa hiyo.

"Sitaenda," Kisilu alisema. "Nitawaandikia kwamba nafasi yangu—"

"Usinibebeshe na hilo pia."

"Basi unataka nifanye nini?"

"Uende. Usome hayo maji. Kila kitu watakachokufundisha, namna yanavyopita, namna ya kujua mahali, uniandikie. Sitaki salamu, sitaki pole, wala habari ya Jumapili." Alisimama, akashuka tena shimoni na kuchukua kibuyu cha kuchotea. "Na safari hii usinipimie kidogo kidogo."

Kisilu aliondoka Septemba. Ciku, ambaye yuko naye chuo kimoja na haongei naye, aliniambia kwamba kila wiki anamwona maktabani akipiga picha kurasa za vitabu, moja moja, akimtumia Mwongeli na maelezo yake chini, marefu, kwa Kiswahili na Kikamba na michoro ya mito. Mengine nimeyapata kwa Wayua, ambaye mwanawe humpigia: kwenye simu, zile alama mbili za ujumbe hugeuka buluu. Amesoma. Wakati mwingine hugeuka buluu usiku huohuo, wakati mwingine alfajiri, saa ambayo Nuu watu huenda mtoni.

Jibu halijaja hata moja.